Asilimia 49 ya Air Tanzania: mwaka 2002 tulimpata mbia au tulimuuzia mshindani?

Mleta mada

Wakuu,

Kila ripoti ya Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) inapotoka na Air Tanzania (ATCL) ikatajwa miongoni mwa mashirika yenye hasara, mjadala wetu huanzia palepale. Wapo wanaosema shirika libinafsishwe, na wapo wanaowajibu kwamba lilikwisha kubinafsishwa likafia mikononi mwa mwekezaji. Wote huutaja mwaka 2002, lakini ni wachache wanaoeleza ni nini kiliuzwa mwaka ule, mnunuzi alikuwa nani, na ilikuwaje hisa zilizouzwa kwa dola milioni 20 zikarudi serikalini kwa dola milioni 1. Nitayaeleza hayo kwa kirefu, kwa sababu naona tunabishana juu ya neno ubinafsishaji ilhali tatizo lilikuwa katika mkataba wenyewe na katika ramani.

Shirika la Ndege la Tanzania (ATC, ambalo leo ni ATCL) lilianzishwa Machi 1977 kwa dharura, East African Airways ilipokufa sambamba na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza. Wenzetu wa Kenya walibaki na Nairobi, ambako ndiko yalikokuwa makao makuu na karakana, nasi tukaanza karibu na sifuri. Sitakaa hapo sana. Itoshe kusema kwamba kufikia mwisho wa miaka ya 1990 ATC lilikuwa likitegemea Boeing 737-200 chache, ndege za kizazi cha zamani zenye ulafi wa mafuta, wala halikuwa na mtaji wa kununua nyingine. Katikati ya miaka hiyo Tanzania na Uganda zilikuwa zimeungana na South African Airways (SAA) kuunda Alliance Air, iliyorusha Boeing 747SP hadi London kupitia Dar es Salaam na Entebbe. Alliance ilifungwa mwaka 2000. Tuikumbuke, kwa maana mbia tuliyemkaribisha miaka miwili baadaye hakuwa mgeni machoni petu: tulikwisha kuzika naye kampuni moja.

Mwaka 2002 Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma (PSRC), ileile iliyosimamia uuzaji wa viwanda na benki, ililipeleka ATC sokoni. Mashirika kadhaa yalionyesha nia, lakini siku ya kufunga zabuni aliyebaki mezani alikuwa SAA peke yake. Desemba mwaka ule akachukua asilimia 49 kwa dola milioni 20. Nusu ya fedha hizo ilikuwa thamani ya hisa, na nusu nyingine iliwekwa kwa ajili ya mtaji na mafunzo kwa mujibu wa mpango wa biashara. Serikali ilibaki na asilimia 51, ikiwa na nia ya kumuuzia Mtanzania wa sekta binafsi asilimia 10 baadaye. Shirika likazinduliwa upya tarehe 31 Machi 2003.

Mipango ilikuwa mikubwa. Dar es Salaam ilikusudiwa kuwa kitovu cha Afrika Mashariki katika kile kilichoitwa pembetatu ya dhahabu, yaani kusini, mashariki na magharibi mwa Afrika zikiunganishwa na kundi moja la ndege. Zilitajwa Boeing 737-800, zikatajwa 767-300, zikatajwa safari za Dubai, India na Ulaya. Kilichotokea ni kwamba shirika liliendelea na zilezile 737-200, na ndege hizo hazina ubavu wa safari ndefu kama hizo. Safari zilizoanza kwa haraka ni za Johannesburg kwenda Dar es Salaam, Zanzibar na Kilimanjaro. Mwaka wa kwanza ulifungwa kwa hasara ya takriban dola milioni 7.3, na Serikali iliponunua tena hisa za SAA Septemba 2006 kwa ile dola milioni 1, hasara iliyolimbikizwa ilikuwa shilingi bilioni 24.7.

Sasa niseme hoja yangu. Tazameni ramani. Abiria wa Dar es Salaam anayekwenda London, Dubai au Mumbai anaelekea kaskazini. Kitovu cha SAA kiko Johannesburg, zaidi ya saa tatu za kuruka kuelekea kusini. Hakuna msafiri mwenye akili timamu atakayelipa nauli ili arudi nyuma saa tatu kabla ya kuanza safari yake. Kwa hiyo Dar es Salaam isingeweza kumlisha SAA abiria wa Ulaya kama Nairobi inavyoweza kuilisha Amsterdam. Ili SAA apate faida kutokana na soko letu la safari ndefu, ilimpasa ajenge kitovu cha pili kwa ndege mpya zilizonunuliwa kwa fedha nyingi, na kitovu hicho kingeshindana na chake mwenyewe. Njia nyepesi ilikuwa kutufanya sisi tawi: watalii wa Zanzibar na Kilimanjaro wapitie Johannesburg, na pande zote mbili za njia ya Johannesburg na Dar es Salaam ziwe za ukoo mmoja. Simtuhumu mtu kwa hila. Nasema tu kwamba hata mwekezaji mwaminifu angefuata mteremko huo, kwa kuwa ndiko maji yalikokuwa yakielekea.

Jambo la pili ni dogo kwa maneno lakini kubwa kwa maana. SAA wenyewe walikuwa mali ya Transnet, shirika la umma la Afrika Kusini. Tulichokiita ubinafsishaji ilikuwa ni Serikali moja kuiuzia kampuni ya Serikali nyingine. Hapakuwa na sekta binafsi hapo, isipokuwa katika hotuba.

Naomba michango. Matusi ya vyama yaachwe kwenye nyuzi nyingine, ziko nyingi.

Mnairobi

Ndugu mleta mada, nimeusoma uzi wako kwa makini nikiwa upande wa pili wa mpaka, na ninakubaliana nawe kuhusu ramani. Hata hivyo nadhani umeipa jiografia mzigo mzito kuliko inavyostahili, kwa sababu KLM ya Uholanzi nayo ilikuwa shirika la kigeni lenye kitovu chake, na bado Kenya Airways iliendelea vizuri kwa zaidi ya muongo mmoja baada ya kumkaribisha.

Tofauti kubwa ninayoiona iko katika kilichofanyika kabla ya kuuza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 shirika letu lilikuwa mzigo usiobebeka. Serikali ilimweka Philip Ndegwa, aliyekuwa amewahi kuwa Gavana wa Benki Kuu, kuongoza bodi, kisha wakaletwa washauri na mameneja kutoka kitengo cha ushauri cha British Airways. Walifunga njia zisizolipa, wakapunguza wafanyakazi, wakatengeneza vitabu vya hesabu vinavyoweza kusomwa na mtu wa nje bila kuona haya. Serikali ilibeba sehemu ya madeni ya zamani. Hayo yalichukua miaka kadhaa, na wakati huo hakuna hisa hata moja iliyouzwa. KLM alipolipa dola milioni 26 kwa asilimia 26, alikuwa ananunua shirika lililokwisha kuoshwa. Kisha mwaka 1996 hisa nyingine zikauzwa kwa wananchi kupitia Soko la Hisa la Nairobi, Serikali ikabaki na asilimia 23.

Tazama mgawanyo huo, ndugu yangu. KLM alikuwa na nguvu, lakini hakuwa peke yake chumbani. Kulikuwa na wenye hisa wadogo, kulikuwa na kanuni za soko zinazolazimisha hesabu zitangazwe, na kulikuwa na magazeti yaliyozisoma. Kwenu kulikuwa na watu wawili tu mezani, Serikali na SAA, na kila mmoja alikuwa akimsubiri mwenzake alete fedha.

Nikuongezee jambo ambalo naona wengi mmelisahau. Mwaka 2003, wakati ATC na SAA wakisubiriana, Kenya Airways ilinunua asilimia 49 ya Precision Air kwa dola milioni 2. Linganisha na milioni 20. Precision ilitumia ndege ndogo za ATR zinazofaa kwa viwanja vyenu vya ndani, na abiria wengi wa safari za ndani na wa Nairobi wakahamia huko. Yule jirani aliyeondoka kwenye zabuni yenu aliingia nyumbani kwenu kupitia mlango wa uani, kwa bei ya chini mara kumi.

Abiria wa Kigoma

Mkuu mleta mada, shikamoo kama umri unanilazimu.

Ninyi mnazungumza kuhusu London na Amsterdam. Mimi nipo Kigoma, na kwangu shirika la ndege la taifa ni swali la siku mbili ndani ya treni ya Reli ya Kati au saa chache angani. Baada ya SAA kuondoka, nchi nzima iliwahi kubaki na ndege za kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Desemba 2008 Mamlaka ya Usafiri wa Anga ililinyang'anya shirika cheti cha uendeshaji kwa kutotimiza viwango, na huduma zikarejea mwezi uliofuata. Aprili 2012 Dash 8 moja iliharibika kabisa ilipokuwa ikiruka kutoka uwanja wetu wa Kigoma, na tunamshukuru Mungu kwamba hakuna aliyepoteza maisha. Baada ya hapo shirika lilikuwa la taifa kwa jina tu.

Kwa hiyo, ndege mbili za Q400 zilipowasili Septemba 2016, sisi wa pembezoni hatukuuliza kama Serikali ilizilipia taslimu au kwa mkopo. Tulifurahi. Wachambuzi wa Dar es Salaam walituona kama watu wasiojua hesabu, lakini hesabu tunazijua vizuri: tunazihesabu kwa siku.

Swali langu ni moja. Hao wawekezaji na wenye hisa wa soko mnaotaka kuwaleta, ni nani kati yao atakayekubali kuruka kwenda Kigoma na Mpanda wakati viti havijai? Na kama hakuna, basi msiseme shirika linapata hasara. Semeni linalipa gharama ambayo nchi imeamua kuibeba, ila haijaandikwa mahali popote.

Mhasibu Mstaafu

Naomba nichangie kwa upande wa vitabu, kwa kuwa ndiko nilikotumia umri wangu, ingawa si katika shirika hili.

Kwanza, kuhusu miaka ya SAA, liko jambo linalopita bila kuonekana. Katika kipindi kile tiketi za shirika letu zilitolewa kwa namba na msimbo wa SAA. Ni baada ya kutengana ndipo msimbo wa TC na namba ya tiketi 197 viliporudi kutumika. Mtu wa kawaida ataona hilo ni jambo la uchapishaji. Mhasibu ataona kwamba mwenye karatasi ya tiketi ndiye ambaye mawakala na mashirika mengine humlipa kwanza, kisha naye hugawa. Mbia mwenye asilimia 49 anayeshika mlango wa mapato ana nguvu kuliko mwenye asilimia 51 anayeshika cheti cha hisa. Kwa hiyo wanaodai kwamba tatizo lingekwisha kama Serikali ingebaki na asilimia 60 au 70 wanatazama mahali pasipo na jibu. Mkataba ungesema kinaganaga: ndege ngapi, za aina gani, kufikia tarehe gani, na zisipoletwa hisa ngapi zinarudi bila malipo.

Pili, tusijidanganye kwamba tulipobaki peke yetu tulifanya vizuri zaidi. Ule mkataba wa Airbus A320 iliyokodiwa kutoka Wallis Trading ulisainiwa baada ya mbia kuondoka, tukiwa na shirika letu asilimia mia moja. Ndege ile ilituhudumia kwa miezi michache, ikapelekwa nje kwa matengenezo, na kodi ikaendelea kuhesabika huku imeegeshwa. Deni lake liliangukia dhamana ya Serikali. Hapo hakuna Mzulu wala Mholanzi wa kulaumiwa.

Tatu, na hapa naomba subira yenu, ni kuhusu mfumo wa sasa. Ndege zilizonunuliwa tangu 2016, yaani zile Q400, Boeing 787-8 iliyofika Julai 2018, Airbus A220-300 zilizoanza kufika Desemba mwaka uleule, Boeing 767 ya mizigo na 737 MAX 9 za mwaka 2023 na 2024, si mali ya ATCL. Ni mali ya Wakala wa Ndege za Serikali, na ATCL ni mpangaji. Mpangilio huu una mantiki yake, kwani unazilinda ndege dhidi ya wadai wa zamani wa shirika. Lakini unaleta mambo mawili. La kwanza ni kwamba unazianika mbele ya wadai wa Serikali yenyewe. Agosti 2019 A220 yetu ilizuiwa Johannesburg kwa shauri la mkulima aliyekuwa akidai fidia ya mali zilizotaifishwa, na Desemba 2022 nyingine ikakamatwa Maastricht, Uholanzi, kwa sababu ya tuzo ya usuluhishi iliyopewa kampuni ya Uswidi katika mgogoro wa shamba la miwa. Hakuna rubani wala meneja wa ATCL aliyehusika na ardhi hizo. La pili ni kwamba hasara au faida ya ATCL inategemea kiwango cha kodi ambacho mkono mmoja wa Serikali unautoza mkono mwingine. Ukipunguza kodi, shirika linapona kwa kalamu. Ukiiongeza, linaugua. Mwekezaji yeyote makini ataanza kuuliza hapo, kabla hata ya kuuliza idadi ya abiria.

Takwimu za CAG zinaonyesha hasara ya shilingi bilioni 35.2 mwaka 2021/22, bilioni 56.6 mwaka 2022/23 na bilioni 91.8 mwaka 2023/24. Sehemu ya sababu inaeleweka: injini za A220 zimekuwa na matatizo dunia nzima, ndege zikakaa chini zikisubiri zamu ya karakana, na mashirika mengine mengi yameumia vilevile. Ila mteremko wa namba hizo hauwezi kuelezwa kwa injini pekee.

Mbongo wa Johannesburg

Wakuu, nipo huku Kusini tangu enzi hizo na ninaweza kuongeza kitu kuhusu hali ya mbia wetu alipokuwa akituahidi ndege mpya.

Mwaka 1999 Serikali ya huku ilikuwa imewauzia kundi la Swissair asilimia 20 ya SAA, kwa matumaini yaleyale ya mbia wa kimkakati. Swissair ikaanguka Oktoba 2001, na Transnet ikalazimika kuzinunua tena zile hisa mwaka 2002. Someni tena mwaka huo. SAA alikuja Dar es Salaam kama mkombozi katika mwaka uleule ambao yeye mwenyewe alikuwa ametoka kuachwa na mkombozi wake. Kisha, katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2004, akapata hasara iliyozidi randi bilioni 8, nyingi ikitokana na mikataba ya kujikinga na mabadiliko ya thamani ya randi ambayo ilimgeukia. Mtu mwenye jeraha kama hilo hakununulii 767.

Na msidhani walijifunza haraka. Desemba 2019 SAA iliwekwa chini ya wasimamizi wa uokoaji wa biashara. Juni 2021 ikatangazwa kwamba muungano wa wawekezaji wa Takatso ungechukua asilimia 51, watu wakasubiri karibu miaka mitatu, na Machi 2024 mpango ukafutwa. Kwa hiyo mleta mada anaposema tulimuuzia mshindani, mimi ningesema tulimuuzia mgonjwa aliyelala kitanda cha pili katika wodi moja na sisi.

Mleta mada

Nawashukuru wote. Nianze na ndugu wa Nairobi, kwa sababu amenisahihisha mahali panapostahili. Ni kweli nimeipa ramani uzito mkubwa nikasahau kwamba hata ramani nzuri haiokoi shirika lililouzwa likiwa chafu. Sisi tulichagua kuuza ili mnunuzi asafishe, na mnunuzi alikuwa na uchafu wake, kama alivyoeleza ndugu yetu wa Johannesburg. Habari ya Swissair sikuwa nimeiweka sambamba na yetu kwa namna hiyo, na sasa siwezi kuiondoa kichwani.

Hata hivyo sikubali kwamba ramani haina kazi. KLM hakuwa na sababu ya kuiua Nairobi, kwa maana kila kiti kilichojaa kati ya Nairobi na Amsterdam kilimnufaisha pande zote mbili, na hakuwa na ndege ndogo za kuruka Lilongwe au Bujumbura. Alihitaji mtu wa kumkusanyia abiria. SAA alikuwa na ndege zake zinazozunguka nusu ya bara hili na hakuhitaji mkusanyaji. Mtu akija kesho na kusema ameleta mbia mpya kwa ATCL, iwe ni kutoka Ghuba, Addis Ababa au kwingineko, swali langu la kwanza litakuwa kitovu chake kiko wapi na abiria wetu watageuza shingo upande gani. Ghuba iko njiani kuelekea Ulaya na Asia, kwa hiyo kishawishi cha kutufanya tawi la kukusanya abiria kitakuwa kikubwa zaidi kuliko cha Johannesburg. Si lazima tukatae, ila tuandike.

Kwa Mhasibu, shikamoo mzee wangu. Hoja yako ya kifungu cha ndege na tarehe ndiyo niliyokuwa nikiitafuta bila kuijua kwa lugha ya kitaalamu. Hebu fikiria mkataba wa 2002 ungesema kwamba 767 ya kwanza isipotua Dar es Salaam kufikia mwisho wa mwaka 2004, asilimia 15 inarudi. SAA angeleta ndege, au angeondoka mapema tukiwa bado na nguvu ya kumtafuta mwingine. Tulichopata ni miaka minne ya kusubiri, na katika biashara ya anga miaka minne inatosha kwa jirani kununua Precision, kujaza viti na kuwazoesha wateja rangi nyingine.

Kuhusu wazo linalotokana na mfano wa Nairobi, la kuziuza hisa za ATCL katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, naliunga mkono kwa sehemu ndogo, na si sasa. Kwanza kodi kati ya Wakala na ATCL ipangwe kwa viwango vya soko na itangazwe, ili hasara iwe hasara na faida iwe faida. Kisha ipite miaka mitatu ya hesabu zisizo na mashaka ya mkaguzi. Kisha suala la usalama limalizwe kabisa: Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania katika orodha ya mashirika yaliyopigwa marufuku katika anga yake, na Juni 2025 marufuku hayo yakapanuliwa kwa mashirika yote yaliyopewa vyeti nchini kwetu. Hilo ni jambo la usimamizi wa Mamlaka na wala halitibiki kwa kubadilisha mwenye hisa. Ukiuza leo, utauza kwa bei ya marufuku.

Mnairobi

Hapo kwenye soko la hisa naomba niwatahadharishe, kwa kuwa nililisifia mno. Wenye hisa wadogo wa Kenya Airways walichangishwa tena mwaka 2012 kwa ajili ya mpango wa upanuzi ulioitwa Mradi wa Mawingu. Mwaka wa fedha wa 2014/15 ukaleta hasara ya shilingi bilioni 25.7 za Kenya, na uliofuata zaidi kidogo ya hapo. Mwaka 2017 madeni yakageuzwa kuwa hisa, Serikali ikapanda hadi asilimia 48.9, benki zikachukua asilimia 38.1, KLM akashuka hadi 7.8, na mwananchi aliyenunua mwaka 1996 akabaki na makombo. Mwaka 2024 shirika lilitangaza faida ya bilioni 5.4, tukashangilia. Nusu ya kwanza ya 2025 ikaja na hasara ya bilioni 12.2, baadhi ya Dreamliner (Boeing 787) zikiwa chini kwa kukosa injini. Kanuni za soko zilitufanya tuyajue haya mapema. Hazikutuzuia kuyafanya.

Mhasibu Mstaafu

Marahaba, mleta mada. Mnairobi amesema kweli, nami nitamjibu Abiria wa Kigoma ambaye mmempita bila kumjibu.

Hoja yake ni sahihi kihasibu, si ya huruma tu. Safari ambayo Serikali inaitaka kwa ajili ya umoja wa nchi, na ambayo haiwezi kujilipa, inapaswa kuwa na mkataba wake: njia fulani, safari kadhaa kwa wiki, na fidia ya kiasi fulani kwa kila safari iliyofanyika. Fedha hiyo ipitishwe na Bunge kwa jina la njia, na shirika lolote lenye sifa liruhusiwe kuiomba zabuni hiyo, liwe ATCL au jingine. Nchi kadhaa za Ulaya huendesha safari za visiwani kwa utaratibu huo. Faida yake ni kwamba ruzuku ya Kigoma haitachanganywa tena na hasara ya Guangzhou au Mumbai. Leo zote zinaingia katika kapu moja, na meneja anaweza kuificha njia mbovu ya nje nyuma ya mgongo wa abiria wa Tabora.

Na mkataba wa namna hiyo ukiwepo kabla ya mwekezaji, hakuna atakayeweza kuja kusema kwamba njia za ndani ndizo zilizomwangusha.

Abiria wa Kigoma

Mzee wangu, nimekuelewa na nimeridhika. Ombi langu ni kwamba siku mkataba huo utakapoandikwa, idadi ya safari kwa wiki iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, kama kwenye hundi, na iandikwe pia kwamba ndege ikiharibika Dar es Salaam, ya Kigoma isiwe ndiyo ya kwanza kufutwa.